Nguo ya Editha na Jua la Saa Tatu Usiku

New Hope, Minnesota
Mwisho wa mwezi wa sita

Dada yangu Agnes,

Shikamoo, na nyingine ya akiba juu yake, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake tena kuniitikia. Goti linaendeleaje? Nasikia umeacha kupanda ngazi za kanisani, siku hizi unasali ukiwa kwenye benchi la nje. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ni ya kwako, usiigawe kwa majirani kama ulivyogawa ile ya kwanza. Sisi huku ni wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini ni kikohozi chake kile cha siku zote cha kutaka aulizwe anaumwa nini. Mimi bado niko kituo cha wazee kule Golden Valley, alfajiri mpaka mchana, nawaogesha na kuwavisha, na mmoja ananiita kwa jina la binti yake na mimi naitika.

Umenitumia ujumbe wa sauti mara tatu kuuliza nini kiliharibika kwenye send-off ya mwanao Editha, na mara tatu nimekaa kimya. Simu yako, dada, inasikilizwa na meza nzima pamoja na anayepita barabarani. Nimeona niandike kwa mkono, nimpe mwenzetu wa kanisani anayekuja likizo Morogoro, akukabidhi wewe pamoja na miwani yako. Isome kwanza peke yako. Cha kufanya nayo nitakwambia mwishoni.

Huko nyumbani mmekwisha kuhukumu. Nimeona yaliyoandikwa na shangazi kwenye kundi la familia, kwamba "yule Mkongomani na nyaya zake amemharibia mtoto siku yake." Wote mkaweka vile vikatuni vya kulia. Mimi nilisoma, nikaweka na mimi kimoja.

Sasa nikueleze huyo Mkongomani ni nani.

Anaitwa Mama Mapendo. Ametokea Uvira, akapitia kambini miaka sijui mingapi, akaletwa hapa mwezi wa kumi mwaka jana na mume na mtoto mmoja, huyo Mapendo mwenyewe. Wanakaa jengo la nyuma yetu. Nguo za baridi za kwanza nilimpa mimi, na nakuomba ulikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka kila siku niliyomchukia. Alipata kazi ya usafi kwenye jumba moja la maonyesho. Kuna kikundi cha wacheza ngoma kilimaliza shughuli zake pale kikaacha marobota ya waya kwenye taka, na msimamizi akamwambia chukua ukitaka.

Waya wenyewe ni mwembamba kama uzi wa kufumia sweta. Ndani una shaba, juu umepakwa dawa fulani na kuvikwa plastiki laini. Unauchomeka kwenye kiboksi cha betri kinacholia kama mbu, na waya wote unawaka kuanzia ncha hadi ncha, samawati au waridi au kijani cha jani changa. Hauna joto hata kidogo. Unaupindisha utakavyo, unauzungusha kwenye nguzo, kwenye kiti, kwenye mwili wa mtu. Upo pia ulio bapa kama utepe, huo anaubandika kwenye ukingo wa meza kuu. Mwanga wake ni wa upole, haukuumizi macho. Lazima niliseme hilo kwa sababu ni kweli, ingawa mkono unasita kuandika.

Dada, mimi na wewe tumekulia chini ya cherehani moja. Unajua nilivyofika huku nikaanza na mapazia ya watu, nikaenda kwenye sare za kwaya, mpaka ikawa hakuna Mwafrika anayeoa au kuolewa mji huu bila mimi kumshika kiuno na futi. Miaka kumi na tano. Nikiingia ukumbini, wanawake walikuwa wanageuza kwanza migongo nione zipu zimekaaje, ndipo wanisalimie. Sikuwa tajiri wala sikuwa na cheo, lakini hilo nilikuwa nalo.

Krismasi Mama Mapendo akashonea waya kwenye pindo za majoho ya kwaya. Majoho hayo nilikuwa nimeyashona mimi, kila tundu la kifungo ni la mkono wangu. Wakazima taa za kanisa. Kwaya ikaingia, na kilichoonekana gizani ni duara thelathini za mwanga zikielea sakafuni, zikipanda na kushuka kwa mwendo wa wimbo. Watu walipiga vigelegele mpaka padre akacheka. Aliyekuwa amekaa pembeni yangu ni Mama Brian, Mkenya mmoja muuguzi, mwenyekiti wa kila kamati hapa mjini, akanipiga kiwiko: "Aki Mama Editha, umeona venye zina-glow? Huyu mama ni moto!"

Nikasema, "Nimeona." Joho lenyewe hakulitaja mtu.

Baada ya hapo ikawa Mama Mapendo huku, Mama Mapendo kule. Kipaimara, harusi mbili za Wakongomani, sherehe ya Waliberia, ubarikio. Watu waliokuwa wakinipigia simu kuuliza kitambaa gani kinafaa, sasa wananipigia kuniuliza namba ya Mama Mapendo. Nilikuwa naitoa. Safari moja niliitoa nikiwa nimekosea tarakimu moja, na sikurudi kuisahihisha. Usiku nilikuwa najilaza nikijiambia kwamba waya utakatika, betri zitalipuka, watu watachoka. Nilikuwa nasali kabisa, Agnes, rozari mkononi, huku nasubiri aanguke.

Ndipo Editha akachumbiwa. Mkwe wetu ni Mkenya, kijana mtulivu, anapima damu maabara. Nilikuwa na lesi yangu ya rangi ya maziwa niliyoiweka tangu Editha yuko kidato cha kwanza cha huku, nimeifunga na karafuu wadudu wasiiguse. Nilishalichora gauni kichwani mara mia. Mwezi wa pili Editha akaja jikoni kwangu, akasema kwa Kiingereza chake, kwa maana mimi namwongelesha Kiswahili na yeye ananijibu Kiingereza tangu yuko mdogo: "Mum, I want the lights. Mama Mapendo can do the dress, and you do the lining."

Bitana. Mimi mama yake nishone bitana!

Shemeji yako aliona uso wangu akaanza kukohoa. Tukaafikiana kwamba gauni nitalishona mimi, lesi yangu, halafu Mama Mapendo atatandaza waya juu yake. Maana yake mimi nafanya kazi ya miezi mitatu na yeye anabonyeza swichi.

Akawa anakuja kwangu kila Jumapili baada ya misa. Nilitaka sana awe fundi mbovu. Sindano ya cherehani ikiugusa ule waya unakufa kuanzia pale, kwa hiyo yeye anaushikiza kwa mkono, kwa uzi wa nailoni usioonekana, pigo moja moja, anakwenda na ua la lesi petali kwa petali bila kulivuruga. Mshono wake ulikuwa safi. Nilikuwa nageuza upande wa ndani nikitafuta fundo baya nisilione. Ncha ya waya anaikunja na kuiziba kwa gundi ili isimchome mtu, halafu anaibusu. Nikamuuliza kwa nini anaibusu, akasema ni mazoea. Hata mazoea yake niliyaonea wivu.

Mwezi huohuo wa pili tulikwenda kuona ukumbi, mimi, Mama Mapendo aliyekuwa na mapumziko ya kazi, na Mama Brian. Uko Champlin, kando ya mto Mississippi, na upande wa magharibi wote ni vioo kutoka sakafuni hadi darini, havina pazia hata moja. Tulifika saa kumi na mbili na nusu jioni na giza lilikuwa limeshashika kabisa, vioo vyeusi kama ubao wa shule. Mama Mapendo akachomeka kipande cha waya kumwonyesha Mama Brian, na mwanga ukajirudia kwenye vioo vyote, ukumbi mzima ukawa kama umevalishwa shanga. Mama Brian alipiga makofi peke yake.

Akasema, "Bibi harusi aingie seven-thirty. Lakini si tunajijua? Seven-thirty ya kwa card ni nine-thirty ya ukweli."

Tukacheka wote watatu, kwa kuwa ndivyo tulivyo. Lakini wakati nacheka, nilikuwa naliona jambo ambalo wao hawakuliona.

Dada, wewe umezaliwa pale ambapo jua linazama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, ukipenda usipende, kwa hiyo lazima nikueleze. Huku si hivyo. Wakati wa baridi giza linaingia saa kumi na moja, na mwezi wa sita jua linakaa angani mpaka saa tatu usiku, na hata likishazama mwanga unaburuta miguu nusu saa nyingine. Mama Mapendo alifika mwezi wa kumi. Sherehe zote alizozipamba zilikuwa za baridi, za giza la mapema. Mwezi wa sita wa huku alikuwa hajawahi kuuona. Na kazini alikuwa ameshahamishiwa zamu ya saa tisa mchana mpaka saa tano usiku, ndani ya jumba lisilo na dirisha, anaingia jua likiwaka na anatoka usiku umefunga. Jioni ya huku haijui. Mama Brian yeye anaijua, ila alitegemea tutachelewa kama kawaida yetu na giza litatukuta.

Mimi peke yangu ndiye niliyemjua Editha. Huyu mtoto amesomea huku. Ukimwambia saa moja na nusu, saa moja na dakika ishirini na tano yuko mlangoni anakutazama. Na ukumbi wenyewe unafungwa saa nne kamili, ingawa Mama Brian alitumaini wangetuongezea muda. Kwa hiyo ataingia kwa wakati, na ataingia jua likimpiga usoni kupitia vioo vile, na waya wa Mama Mapendo utawaka juani, jambo ambalo halina tofauti na kutowaka.

Niliyajua hayo yote nikiwa nimesimama palepale na koti langu. Kisha Mama Mapendo akanigeukia. Wenzake wanamwita mwenye majivuno. Mimi sijapata kuyaona. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama," akasema, "weye ni mwenyeji wa hapa, na mutoto ni wako. Mi niko mugeni. Kama kuna kitu siyui, unambie."

Nikamwambia, "Hakuna. Kila kitu kiko sawa."

Ningeweza kukwambia kwamba nilisahau baadaye. Sikusahau. Miezi minne, kila Jumapili alikuwa mezani kwangu akila chakula changu, na kila Jumapili nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila Jumapili niliongeza mchuzi. Nilikuwa najiambia ni mambo ya kamati. Nilikuwa najiambia labda kutakuwa na mawingu. Mwezi wa tano jioni zikaanza kurefuka nami nikawa nazitazama dirishani kwa furaha, kama mtu anayeangalia mahindi yake yakikua.

Siku ikafika. Anga lilikuwa jeupe, hata wingu la kufutia macho hakuna. Watu waliwahi kuliko kawaida, nadhani kwa ajili ya kuona taa. Wakwe walikaa upande wa vioo, wanawake wa Kikenya wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Saa moja na nusu kamili, kama nilivyojua, muziki ukalia na milango ikafunguliwa.

Editha akaingia. Gauni lilikaa, dada. Hilo niruhusu niseme. Lilikaa kiunoni na kwenye mabega mpaka nikasahau kupumua. Mama Brian akafanya ishara taa zizimwe, zikazimwa, na hakuna kilichobadilika, maana jua lilikuwa limejaa ukumbi mpaka chini ya meza. Editha akabonyeza kiboksi chake kiunoni. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Nguzo zilikuwa zimezungushiwa waya, meza kuu imebandikwa utepe, vyote vilikuwa vinawaka na hakuna aliyeviona. Ule waya usipowaka, au ukiwaka juani, unaonekana kama mrija wa plastiki. Sasa fikiria lesi yangu ina mirija kuanzia begani hadi kwenye pindo.

Unajua nusu ya wageni wetu huku ni wauguzi na walezi wa wagonjwa. Kwenye meza ya nyuma yangu sauti ikasema, "Mbona kama amewekewa dripu?"

Kicheko kikapita meza hadi meza. Hakikuwa kikubwa. Kilimfikia Editha akiwa katikati ya ukumbi.

Mama Mapendo alitoka mbio ukutani alikokuwa amesimama. Alidhani betri zimekufa, na watu nao wakadhani hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona ule waya juani. Akapiga magoti mbele ya wakwe, mbele ya watu wote, na kitenge chake kipya, akamfungua mtoto kiboksi kiunoni na kubadilisha betri. Anaweka, anabonyeza, anatazama, anatoa tena. Taa zilikuwa zinawaka muda wote, Agnes. Ningeweza kusimama nikasema.

Na mimi nilifurahi. Nakwambia wewe ambaye tumelala kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Kwa nusu dakika hivi nilikuwa na furaha iliyonijaa mpaka masikioni. Nilimtazama yule mwanamke pale sakafuni na moyo ukasema, haya, na wewe onja.

Halafu nikainua macho nikaona Editha hamtazami Mama Mapendo. Anatazama vioo. Alivitazama kwa muda, kisha akageuka akanitazama mimi. Hakulia wakati ule. Alilia baadaye wakati wa kukata keki, ndipo ilipopigwa ile picha mliyoiona kwenye kundi.

Sherehe iliendelea kama zinavyoendelea. Tukala, tukacheza, wakwe wakasema maneno mazuri. Saa tatu na nusu watu walikuwa wanaaga, na ndipo giza lilipoanza kushuka juu ya mto, na nguo ikaanza kuwaka. Kwanza pindo, halafu maua, halafu yote. Ilikuwa nzuri kuliko kwaya ya Krismasi. Mama Mapendo alikuwa ameshaondoka na aibu yake, na Mama Brian yuko nje anawasindikiza wakwe. Walioiona ni sisi tuliobaki tukikusanya viti, na Editha mwenyewe kwenye kioo, aliyejitazama kidogo kisha akabonyeza ikazima.

Kesho yake Mama Brian akampigia Mama Mapendo kumwambia asijisumbue na harusi mbili za mwezi wa saba. Wengine wakafuata. Nilizisikia habari hizo kanisani, nikatikisa kichwa kwa huzuni pamoja na wenzangu.

Jumanne nikasikia hodi. Ni Mama Mapendo na sufuria ya sombe, zile mboga za majani ya muhogo wanazotwanga na kupika siku nzima. Kazini alikuwa ameomba ruhusa. Hakutaka kukaa.

"Pardon, mama," akasema. "Betri zilikuwa mupya, nilizijaribu asubui. Siyui nini ilifanyika. Nilikupatisha haya mbele ya wakwe. Weye peke yako ndiyo hukunisema vibaya."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Yamepita, mama. Nimekusamehe."

Nimekusamehe! Akanishukuru. Akaondoka, na mimi nikapika ugali nikala ile sombe. Ilikuwa tamu sana, na hata hilo lilinikera.

Alhamisi Editha akaja kuchukua gauni lake. Akaona sufuria kwenye jiko.

"Whose is that?"

Nikamwambia ni ya Mama Mapendo. Akaniuliza alikuja kufanya nini. Nikasema alikuja kuomba radhi. Editha akavuta kiti akakaa, na alipofungua mdomo alinijibu Kiswahili. Tangu lini Editha ananijibu Kiswahili? Kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakikupotea njia.

"Na ukakubali?"

Nikainuka nikafunika sufuria.

"Mama, ulijua. Tulipokuwa wadogo, kila mwezi wa sita ulitundika blanketi dirishani ili tulale. Ulisema jua la huku halina adabu, haliendi kulala kama watu. Kila mwaka, Mama. Wewe ndiye ulitundika."

Nikaanza kusema kwamba kamati ndiyo ilipanga saa. Akainua mkono.

"Sitamwambia mtu. Utamwambia wewe. Mpaka umwambie, usije kuchagua nguo yangu ya harusi, na usije kunivisha." Akasimama, akachukua gauni, akaondoka bila kunikumbatia. Shemeji yako alikuwa mlangoni, kasikia yote, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakukohoa.

Harusi ni wiki ya mwisho ya mwezi wa nane, dada. Kumvisha bibi harusi ni kazi ya mama. Ningekaa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima, nikimtazama mwanangu akiingia kavishwa na mtu mwingine, na kila mwanamke aliyeniona angejua.

Siku tatu nilitafuta namna ya kumwambia Mama Mapendo bila kumwambia. Nilifikiria kusema nilisahau. Nilifikiria kusema nilidhani anajua. Nilifikiria kumshonea nguo nzuri nikanyamaza. Jana Jumapili, baada ya misa, tulikuwa jiko la kanisa tunaosha vikombe, yeye, mimi na Mama Brian. Nilikuwa nimepanga kumvuta pembeni. Lakini nikaona kwamba ameaibishwa mbele za watu, haifai aombwe radhi kwenye korido.

Nikasema, "Mama Mapendo, taa zako zilikuwa zinawaka. Ni jua. Mwezi wa sita huku jua linazama saa tatu. Nililijua tangu siku ile tuliyokwenda kuona ukumbi. Uliniuliza nikasema hakuna kitu. Nilikuonea wivu."

Mama Brian akaacha kikombe kikadondoka kwenye sinki. "Eh! Mama Editha, na vile nimemcancel huyu mama wa watu?"

Mama Mapendo aliendelea kukausha kikombe alichokishika, ndani, nje, ndani tena. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Au angelia, ningejua la kufanya na mikono yangu.

Mwishowe akaniuliza, "Ile sombe, ulikula?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaweka kikombe rafuni, akachukua kingine. Akasema mara mbili "haya," si kwangu, kama mtu anayejisomea kitu. Kisha akanigeukia, macho makavu.

"Mu mwezi wa munane, giza inaingiaka saa ngapi?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa kwamba anaulizia harusi ya Editha. Nikamwambia jua linazama kwenye saa mbili, na ikifika saa mbili na nusu ni giza la kutosha.

"Basi bibi harusi ataingia saa tatu kasoro robo," akasema. "Weye utaandika kwa kadi. Na weye ndiye utasimama mulangoni kumuzuia, kwa sababu ule mutoto anawahiaka sana."

Mama Brian alicheka mpaka akakaa. Mimi nililia, na sikulia kwa toba kama unavyodhani. Nililia kwa wivu. Nilikuwa nimemwonea wivu huyu mwanamke kwa sababu ya waya, na vigelegele, na mshono, na nikadhani hapo ndipo mwisho wa alivyo navyo kunizidi. Mimi ningefanyiwa vile ningelala na kisasi mpaka kaburini, unanijua. Yeye alimaliza kwa vikombe viwili. Kitu kile nakitaka, Agnes, na hakifundishwi mezani Jumapili, na sijui wanakipata wapi.

Nilimpigia Editha nikamweleza. Akasema, "Okay, Mum." Kwa Kiingereza. Jumamosi hii tunakwenda kuchagua kitambaa, watatu.

Sasa salamu. Msalimie shemeji yangu mumeo, mwambie ile saa aliyoniagiza nimeipata. Msalimie binti yako Skola, mjukuu wetu wa kwanza ataitwaje? Msalimie kaka yetu Boniface na mkewe, na mama mlezi wetu Bibi Tekla, mshike miguu kwa niaba yangu. Mwalimu wa kwaya naye msalimie.

Shangazi Leokadia usimsalimie kwanza. Waite jioni, yeye na wote walioandika kwenye kundi, uwasomee barua hii kuanzia mwanzo hadi hapa, usiruke hata mahali nilipofurahi. Watanitetea, nawajua, watasema nilichoka na kazi, ugenini kugumu, mtoto alinivunjia heshima. Usiwaache. Waambie yule Mkongomani hana kosa, mwenye kosa ni damu yao. Wakikuuliza kwa nini nilifanya, usinitafutie neno zuri. Waambie wivu. Ukimaliza kuwasomea, nao wasalimie.

Ni mimi mdogo wako, uliyenishikisha sindano,
Veronika